Shukrani kwa dada wa fiziotherapia aliyetunyooshea magoti

Asante dada uliyekuja uwanjani na taulo moja na futi kamba, bila kudai hata nauli. Baada ya upasuaji wa kuweka kano mpya ya ACL, ile iliyo ndani ya goti, wachezaji wengi wa soka la ndondo mtaani hukimbilia kuchuchumaa. Wewe ulianza na kunyoosha. Taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, goti likining'inia dakika 10, mara kadhaa kwa siku, maana goti lisilonyooka kabisa humwacha mtu akichechemea. Uvimbe nao huuzima msuli wa mbele wa paja. Ndiyo maana ulisisitiza: goti likiamka limevimba kuliko jana, punguza mazoezi, usimeze dawa ya maumivu ukaendelea.

Kuhusu mechi hukumbembeleza mtu. Si kabla ya miezi 9 tangu upasuaji, kwa kuwa maumivu huisha mapema na kano mpya bado haijakomaa. Kisha kuruka kwa mguu mmoja na kupima umbali: uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. (Mguu usiopasuliwa nao ukiwa umelegea kwa kukaa, kipimo hudanganya, hilo wengi hawaambiwi.) Kukimbia mstari mnyoofu kwanza, kugeuka ghafla baadaye, kukabana mwisho.

Mungu akuzidishie, dada.