Ukavu wa kinywa usiwakatishe tamaa wanaojifunza kuzamia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowasumbua wengi wanaoanza kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, nalo ni kukaukwa na kinywa na koo kwa sababu ya kupumua kwa mdomo muda wote wawapo chini ya maji. Tangu habari za uchumi wa buluu zianze kuvuma, vijana wa Nungwi, Mafia, Diani na Watamu wamekuwa wakijitokeza kusomea kazi ya kuwaongoza watalii baharini, na nimewaona waogeleaji wazuri kabisa wakiacha mafunzo siku za mwanzo kwa kudhani kwamba ulimi kugandamana na kaakaa ni dalili ya woga, au kwamba miili yao haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Chanzo hakimo mwilini mwa mwanafunzi, kimo ndani ya mtungi. Kompresa inayojaza hewa huipitisha kwanza kwenye vichujio vinavyoondoa mafuta na unyevu, kwa kuwa maji yakibaki ndani huweza kuushikisha kutu mtungi wa chuma, au hata kuganda kwenye regulata, kile kifaa cha kupumulia kinachopunguza shinikizo la hewa ya mtungi, pale hewa inapopoa ghafla ikitoka katika shinikizo kubwa. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi shinikizo la baa 200 hubeba takriban lita 2,400 za hewa, na yote ni kavu mno kuliko hewa tuliyoizoea sisi watu wa pwani. Nchi kavu, pua ndiyo inayoipasha hewa joto na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni. Chini ya maji pua imefungiwa ndani ya barakoa ya kuzamia, hivyo kazi yake huangukia mdomo na koo, na kila pumzi inayotoka huondoka na sehemu ya maji ya mwili. Mwanafunzi aliyeingiwa na wasiwasi hupumua harakaharaka, koo likazidi kukauka, na ukavu huo ukamwongezea wasiwasi.

Linalonitia hofu zaidi ni kikohozi. Wengi wa vijana hawa wamekulia katika uvuvi wa pweza na majongoo bahari, ambapo mtu huvuta pumzi moja juu, akaibana, akazama. Ustadi huo ni wa kuheshimiwa, lakini ukiingizwa katika uzamiaji wa mtungi unaweza kuua. Koo likimwasha, kijana huyu hubana pumzi kwa mazoea na kukimbilia juu. Hewa iliyojaa mapafuni kwenye kina cha mita 10 huongezeka ujazo mara mbili inapofika usoni mwa maji, na isipopata njia ya kutoka huweza kuyapasua mapafu. Anayetaka kukohoa na akohoe humo humo ndani ya regulata, akiishikilia kwa mkono isimtoke, kwani hewa yote ya kikohozi hutoka kupitia vali ya kutolea pumzi. Kisha atulie pale pale alipo, ameze mate, ndipo aendelee.

Mate nayo huweza kuitwa. Ncha ya ulimi ikiegemezwa kwenye ufizi wa juu, nyuma kidogo ya meno ya mbele, na kusuguliwa taratibu, kinywa hupata unyevu baada ya muda mfupi, na hewa inayoingia hugonga ulimi kwanza badala ya kwenda moja kwa moja kooni. Kipande cha mpira cha mdomoni kishikwe kwa midomo, meno yakigusa tu, maana anayekiuma kwa nguvu huchoka taya na midomo ikafunuka pembeni. Wapo wanaoshauri kuingiza tone la maji ya bahari ili kulainisha ulimi. Kwa mwanafunzi mimi sikubaliani nao, kwa sababu chumvi huongeza kiu na tone likipotea njia huleta kikohozi kile kile. Peremende na ubani wa kutafuna visiingie majini kabisa, kwani vinaweza kumpalia mtu.

Maandalizi makubwa, hata hivyo, hufanyika kabla ya kuvaa mtungi. Katika joto la kaskazi mwanafunzi husimama juani ndani ya suti ya mpira akitokwa jasho, na kwenye baadhi ya boti maji ya kunywa hutolewa watu wakisharudi, ilhali yanahitajika tangu asubuhi, kidogo kidogo. Wengine hujinyima maji wakiogopa kubanwa na mkojo, kumbe mtu akizama tu, damu husukumwa kutoka miguuni na mikononi kwenda kifuani, na figo huongeza mkojo awe amekunywa au hakunywa. Kupungukiwa maji kunahofiwa pia kuongeza hatari ya maradhi ya mgandamizo, yale yanayompata mzamiaji viputo vya naitrojeni vinapojitokeza mwilini. Kwa hiyo pombe ya usiku wa kuamkia mafunzo iachwe, na aliyefunga Ramadhani azungumze na mkufunzi wake mapema ili wapange siku nyingine.

Nawaomba wakufunzi walieleze jambo hili kwa Kiswahili siku ya kwanza, kabla mtu hajalowa, na wampe mwanafunzi nafasi ya kuzoea kupumua kwa mrija katika maji ya kiunoni bila barakoa, mpaka pua yake izoee kukaa majini bila kuvuta.

Kwako Mhariri, ninaomba safu yenu ya afya imwalike daktari aeleze kuhusu dawa za kuzuia kutapika baharini na zile za mafua na mzio, ambazo nyingi hukausha kinywa na baadhi huleta usingizi, na ambazo vijana hununua duka la dawa asubuhi ya safari bila kuuliza. Awazungumzie pia wenye pumu, ambao hewa kavu na baridi huweza kuwabana kifua na ambao hawapaswi kuzamia kabla ya kupimwa. Kadhalika awaeleze wale ambao vinywa vyao hukauka hata wakiwa nyumbani, wakinywa maji mengi na kiu isikatike, kwa nini wanahitaji kupimwa sukari.

Msomaji wako,
Mkokotoni, Unguja