Risala ya Chama cha Hadubini na Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Picha za Seli Hai

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua una majukumu mengi. Tunajua pia kwamba barua ya mwaliko ilifika ofisini kwako mara 3, kwa kuwa ni sisi tulioipeleka mara zote 3. Furaha yetu ni kubwa zaidi kuona umekuja mwenyewe na hukutuma mwakilishi. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya chama chetu ni fupi ila mizizi yake imekwenda mbali. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata ugamba mwembamba wa kizibo, kile kinachotokana na gome la mti, akautazama kwa hadubini na kuona vijumba vimepangana kama sega la nyuki. Akaviita seli, kutokana na neno la Kilatini la chumba kidogo, akavichora. Miaka michache baadaye Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, alitazama matone ya maji kwa lenzi alizojitengenezea mwenyewe, akaona viumbe vidogo vikiogelea humo. Kuchora hakujua. Akawa anawaajiri wachoraji wamchoree anayoyaona, kisha anapeleka barua na michoro London. Kwa hiyo hadubini ilimhitaji mchoraji tangu siku zake za mwanzo, na hilo ndilo wazo lililozaa chama chetu. Baada ya hapo yalitokea mambo mengi ambayo muda hauruhusu kuyaeleza, hadi tulipoanzisha chama miaka 4 iliyopita katika kona ya maabara ya baiolojia, tukiwa wanachama 7 na hadubini 1.

Mafanikio ni mengi. Wanachama sasa ni 31, ongezeko la zaidi ya asilimia 300. Hadubini imebaki 1, na kwa hiyo hatukuiwekea asilimia. Tumefanya maonyesho 3, moja likiwa la kimataifa, kwani lilitazamwa kwa dakika kadhaa na mgeni kutoka nchi ya nje aliyekuwa akitafuta ofisi ya mhasibu. Tumeshiriki shindano la vyama vya sayansi tukashika nafasi ya tatu. Idadi ya washiriki tunaomba tuizungumze siku nyingine. Picha yetu ya seli za ngozi ya kitunguu imetundikwa ofisini kwa Mkuu wa Shule, mahali ambapo kila mzazi aliyeitwa kwa kosa la mwanawe hupata nafasi ndefu ya kuitafakari.

Tumejiwekea pia kanuni ambayo tunaona fahari kuitaja. Chini ya kila picha tunaandika rangi imetoka wapi: ya seli yenyewe, ya dawa tuliyoitia, au ya kompyuta. Wengi hawajui kwamba hadubini ya elektroni haitumii mwanga, na hivyo picha yake hutoka nyeusi na nyeupe. Zile nyekundu na zambarau za kwenye vitabu hupakwa baadaye. Kila picha yetu ina pia kistari cha kipimo cha mikromita 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ili mtazamaji ajue kwamba seli nyekundu ya damu, yenye upana wa mikromita 7 au 8, haikifikii kistari hicho. Picha ya seli isiyo na kipimo inaweza kuwa picha ya chochote, hata ya dari yenye unyevu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utusikilize kwa makini kidogo, maana tumefika kwenye kilichotufanya tukuite.

Bango lililo nyuma yako linasema "Picha za Seli Hai". Bango hilo lina neno moja la uongo, nalo ni "hai". Karibu picha zote utakazozitazama leo ni za seli zilizokufa, na sisi ndio tuliozifisha.

Tueleze. Seli nyingi zikiwa hai ni angavu, kama kipande cha kioo kilichozama ndani ya glasi ya maji: kipo, lakini jicho linakipita. Mwezi uliopita mwanachama wetu mdogo kuliko wote alikaa alasiri 2 akipekua tone moja moja la maji ya bwawa, hadi akaipata amiba, kiumbe cha seli moja tu. Alituita. Tulipokezana kuchungulia. Ilionekana kama ute wa yai uliomwagika juu ya sahani nyeupe, ukijivuta taratibu, mkono mmoja wa ute ukitangulia na chembechembe zikimiminika ndani yake kuufuata. Wa kwanza aliiona. Wa tatu alisema ameiona, kwa adabu. Wa 7 aliona maji. Kamera ya simu tuliyoishika juu ya lenzi nayo iliona maji.

Tukafanya tunachofanya siku zote. Tulitia tone la iodini pembeni mwa kioo cha kufunikia, tukalivuta kwa karatasi ya kunyonya upande wa pili. Rangi ya hudhurungi ikaingia chini ya kioo kama maji yanavyoingia mchangani. Ilipoifikia, amiba ilirudisha mikono yake yote, ikajikunja, ikatulia. Sasa ilionekana vizuri sana: mpaka wake, kiini chake, kila kitu. Tulipiga picha, na ndiyo ile kubwa iliyopo mlangoni ambayo umeisifu ulipoingia. Mwenzetu aliyeipata alikataa kutia jina lake. Ameandika tu kwa penseli, chini kulia: "Ilikuwa hai saa 9 na dakika 10."

Tusieleweke vibaya. Wapo wanaotuambia kwamba kuna seli zisizohitaji dawa, na ni kweli. Jani la mmea wa majini, lile jembamba, linaonyesha vidonge vya kijani vya kloroplasti vikizunguka ukingoni mwa seli kama wasafiri waliozuiwa kushuka. Tunazo picha hizo 2, na ndizo pekee zinazolitetea bango. Wapo pia wanaotushauri tubane tundu la mwanga chini ya hadubini ili vivuli viongezeke. Tumelibana. Vivuli vinaongezeka na undani unapotea. Mpaka wa seli unageuka utepe mnene mweusi. Na wala hatudharau picha za seli zilizokufa. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, kijana aliyetaka kuwa mchoraji huku baba yake akitaka daktari, alichora seli za neva kutoka vipande vya ubongo vilivyotiwa madini ya fedha kwa njia ya Mwitaliano Camillo Golgi. Michoro hiyo ilionyesha kwamba kila seli ya neva inasimama peke yake, jambo ambalo Golgi mwenyewe hakulikubali hata walipogawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Leo michoro hiyo huonyeshwa katika majumba ya sanaa. Lakini Cajal alitumia kifo kueleza umbo. Anayetaka kuonyesha mwendo atafanyaje na iodini?

Dawa ya tatizo hili ipo, na si ngeni. Mwanga ukipita ndani ya seli huchelewa kidogo kuliko ule uliopita kwenye maji pembeni yake. Jicho letu halitambui kuchelewa; linatambua kung'aa na rangi tu. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia wa Groningen, Uholanzi, aitwaye Frits Zernike, alibuni njia ya kugeuza kuchelewa huko kuwe mwanga na kivuli, kwa kuweka pete chini ya slaidi na bamba maalumu ndani ya lenzi. Seli hai ikaonekana bila tone la dawa. Hiyo ndiyo hadubini ya utofauti wa awamu. Mwaka 1932 aliipeleka kwa watengenezaji wakubwa wa hadubini, akaambiwa kwamba ingekuwa na manufaa wao wenyewe wangeshaivumbua zamani. Mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Tunalitaja hili kwa heshima zote, kwa ajili ya wale ambao kila tukiwaeleza hitaji letu hutuuliza lina manufaa gani.

Manufaa yake ni haya. Miaka ya 1950, David Rogers wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alirekodi kwa hadubini seli nyeupe ya damu ikiwafukuza bakteria katikati ya seli nyekundu. Inakata kona, inasukuma seli nyekundu pembeni, mwisho inameza. Tuliwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kipande hicho, wakashangilia kama wako uwanjani. Hakuna mchoro wa ubaoni uliowahi kushangiliwa shuleni hapa.

Mheshimiwa, ahadi tulizokwisha kupewa kuhusu hadubini hii ni 3.

Mgeni rasmi wa kwanza alisimama hapo ulipokaa, akasema, "Hilo limekwisha." Tulipiga makofi dakika nzima. Na kweli lilikwisha, maana hatukulisikia tena.

Wa pili alikuwa mtu wa vitendo. Alidai vipimo, tukampa. Baada ya miezi 8 likaja sanduku. Wanachama walitoka madarasani, Mkuu wa Shule akatoa ruhusa, mwalimu mlezi akakata kamba. Ndani mlikuwa na kifuniko cha vumbi cha hadubini, kipya, cha rangi ya bluu, pamoja na waya wa umeme. Tuliandika barua ya shukrani, kisha barua ya kuulizia, kisha ya kukumbushia. Tulijibiwa kwamba sanduku la pili liko njiani. Hiyo ni miaka 2 sasa, na tunaiombea njia hiyo.

Wa tatu alitueleza kwa simu kuwa suala liko katika hatua za mwisho. Tulisahau kumuuliza mwisho wa nini.

Hatuwalaumu. Walikuja, walituheshimu, na kila mmoja aliacha sahihi nzuri katika kitabu cha wageni.

Kwa hiyo maombi yetu leo tumeyapunguza ili yasiwe mzigo. Hatuombi hadubini ya elektroni. Hatuombi vifaa vya kung'arisha seli kwa ile protini ya kijani ya yavuyavu aliyoitenga Osamu Shimomura mwaka 1962, iliyowapa yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Picha zake tunazitazama kwenye mtandao na tunaridhika. Slaidi, vioo vya kufunikia na kufuli la kabati tutajichangisha wenyewe.

Tunaomba hadubini 1 ya utofauti wa awamu, yenye lenzi za kukuza mara 10 na mara 40 za aina hiyo, yenye pete zake chini, yenye kamera ya kupachika na taa ya akiba. Neno "yenye" tumelipigia mstari katika nakala yako. Pete bila lenzi zake haina kazi, na lenzi bila pete zake zinabaki lenzi za kawaida. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine ambazo umeshazisikia, tunaomba vitu vyote vije katika sanduku moja. Kifuniko cha vumbi tunacho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hotuba yako utatembezwa kwenye meza 5 za maonyesho. Ya mwisho, karibu na dirisha, ina kile kifuniko cha bluu kimesimamishwa kwa vijiti 4, na chini yake hakuna kitu. Tutakuomba ukifunue kwa mkono wako. Mpiga picha wetu atakuwepo. Pembeni pameachwa karatasi nyeupe yenye nafasi ya kuandika mwezi na mwaka tu, pamoja na kalamu, kama itakupendeza.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama 31 wa Chama cha Hadubini na Sanaa