Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Nani apokee simu ya zahanati saa nane usiku?

Mheshimiwa Waziri,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Naanza hivyo kwa mazoea. Katika miaka 31 ya utumishi nimeandika barua nyingi zenye sentensi hiyo, na nyingi zilikuwa za kuomba glavu.

Nakuandikia wewe na si mwenzako wa Wizara ya Afya kwa sababu Wizara inatunga sera na miongozo, lakini zahanati ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko kwako. Muuguzi wa Uru au Mbokomu akiachwa peke yake kituoni, ni mtumishi wako.

Mimi ni tabibu mstaafu, ngazi iliyo chini ya daktari, Old Moshi. Sikuwahi kuwa daktari, ingawa niliitwa daktari tangu wiki ya kwanza. Huku kwetu mlimani kila avaaye koti jeupe ni dokta, hata yule anayedeki maabara.

Usiku mmoja wa mwezi wa nne, masika yamekolea, wanaume wanne walimleta zahanati mama wa mimba ya kwanza wakiwa wamembeba kwenye blanketi. Pikipiki ilishindwa utelezi. Presha ilikuwa 180 kwa 120, na kifafa cha mimba kilishamkamata mara moja njiani. Nikamchoma magnesiamu, dawa ya kuzuia kifafa hicho, kama tulivyofundishwa, gramu tano kila tako. Baada ya nusu saa akakakamaa tena.

Nilijua kuna dozi ya kuongeza. Nilijua pia kwamba dawa hiyo ikizidi, goti haliruki likigongwa, kisha mgonjwa anaacha kupumua. Mambo hayo mawili nilikuwa nayo kichwani tangu chuoni, ila chuoni hapakuwa na muuguzi mmoja aliyeshika tochi wala mama mkwe anayesali kwa sauti nje ya dirisha. Nikampigia kijana niliyewahi kumpokea akiwa mwanafunzi, ambaye wakati huo alikuwa daktari wa hospitali mjini. Hakuwa zamu. Alipokea akiwa kitandani.

"Mwalimu, gonga goti kwanza. Linaruka?"

Linaruka.

"Hesabu pumzi."

Kumi na nane.

"Haya, ongeza gramu mbili kwenye mshipa, taratibu, kama dakika tano, na u..."

Simu ikakata. Salio lilikuwa limekwisha. Akapiga yeye, tukamaliza. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Kwenye faili niliandika dawa, dozi na saa. Jina la daktari sikuliandika. Fomu haikuwa na nafasi yake, na mambo yangeharibika lingemponza mtu aliyenisaidia kwa hisani.

Mheshimiwa, simu ya namna hiyo inapigwa leo usiku, na kesho itapigwa tena. Haina bajeti, haina zamu, haina kumbukumbu. Inaendeshwa kwa kujuana. Tabibu mwenye marafiki mjini wagonjwa wake wana bahati. Yule binti aliyeajiriwa mwezi jana kutoka mkoa mwingine, akapangiwa kijiji asichokijua hata kwa jina, hana wa kumpigia. Na sasa tunatumiana picha za vidonda na vipele kwenye makundi ya WhatsApp, sura ya mgonjwa ikionekana wazi, kwenye simu ambayo kesho mtoto ataichezea gemu. Nami nilikuwa nikifanya hivyo.

Jambo hili si geni mlimani hapa. Madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walichora mpango wa madaktari wa ndege mwaka 1956, kwenye shamba chini ya Kilimanjaro, na shirika ambalo leo ni AMREF likaanza 1957. Watu wanakumbuka ndege. Mimi nawakumbuka wazee wetu wa kazi walivyoisifia simu ya upepo, ile redio ya kuongelea: muuguzi wa mbali alijua ni saa ngapi kutakuwa na mtu upande wa pili, naye anajibu.

Wala nchi hii haikungoja madaktari watoshe ndipo itibu. Tangu miaka ya 1960 tabibu mzoefu alirudi shule, akatoka daktari msaidizi, AMO, anayejua kupasua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika hospitali 14 za Mwanza na Kigoma uliangalia huduma ya dharura ya uzazi, ukakuta matokeo ya AMO na ya madaktari kamili hayana tofauti ya maana. Ngazi hiyo tukaiondoa. Leo tabibu wa miaka kumi kazini akitaka kupanda inabidi aanze shahada ya miaka mitano, aache familia na mgomba. Wengi hawaendi. Wanazeekea pale pale wakiwa na ujuzi ambao hakuna karatasi inayoutambua. Kama AMO hairudi, basi itafutwe njia nyingine fupi ya kumpandisha mtu huyu. Naliacha hapo, maana nikiendelea nitaandika kwa hasira.

Ninachoomba hasa ni kidogo na kiko karibu. Namba 115 ya m-mama unaijua. Mjamzito au mtoto mchanga akizidiwa, zahanati inapiga bure, mtu aliyekaa zamu anapokea, anatafuta gari la wagonjwa au dereva wa kijijini, na dereva analipwa kwa simu. Ilianzia Shinyanga na Sengerema, na mwaka 2022 ikazinduliwa kwa nchi nzima. Teknolojia yake si ya ajabu. Inafanya kazi kwa sababu kuna binadamu anayelipwa kukaa kwenye ile meza usiku kucha.

Meza hiyo hiyo iongezewe kiti cha daktari. Saa 24, kwa zamu, kwa ajili ya zahanati zote za mkoa, na si kwa uzazi tu: mtoto wa degedege, mzee wa kiharusi, kijana aliyeanguka na bodaboda. Mazungumzo yaandikwe, jina la aliyeshauri na saa, na kuwe na mwongozo unaosema wazi tabibu anawajibika wapi na daktari wapi. Simu iwe ya kituo, bando la kituo.

Usiniambie madaktari hao hawapo. Wapo waliomaliza shule, wakamaliza intaniship, wana leseni ya Baraza la Madaktari, na wanasubiri ajira. Mmoja namjua, nilimkuta Kiboriloni anauza mitumba. Alinichagulia koti zuri, akanipunguzia elfu tatu, kisha akaniuliza presha yangu inaendeleaje.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, wenye mafunzo ya miezi sita. Nilifurahi, kwa sababu waliowatangulia tuliwapa fulana na mwavuli, tukawaita wa kujitolea, kisha tukashangaa wanapotoweka msimu wa kahawa. Hawa wapya walipwe kwa wakati, na namba ile wapewe nao. Mhudumu huyo wa kijijini ndiye anayemwona mama aliyevimba miguu na uso wiki mbili kabla ya lile blanketi.

Kuhusu akili mnemba, sina ugomvi nayo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliridhia kompyuta isome eksirei za kifua kutafuta kifua kikuu kwa wenye miaka 15 na kuendelea, na kwa nchi yenye wasomaji wachache wa picha hizo ni msaada mkubwa. Lakini kila anayekuja kwetu na programu mpya namuuliza swali moja: umeme ukikatika saa nane usiku, ninampigia nani?

Ukipata nafasi, njoo uitembelee zahanati moja ya huku juu. Usije mchana na msafara, tutakupikia ndizi na utaondoka hujaona kitu. Njoo mwezi wa nne, usiku. Gari liache barabarani, sehemu iliyobaki tutapanda kwa miguu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Tabibu mstaafu,
Old Moshi, Kilimanjaro