Mwanangu, utafute mlima ubavuni mwa tairi

Changamwe, Mombasa
Novemba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mamako anakusalimu sana na anasema ile shali aliyokufumia usiifungie sandukuni, uivae.

Picha za gari ulilonunua huko Quebec, Kanada, zimefika. Nimefurahi na nimeliombea dua. Corolla ni gari la kazi, halisumbui. Lakini nilipokwisha kutazama rangi na viti, niliivuta picha karibu nikasoma maandishi ya ubavuni mwa tairi la mbele, na hapo usingizi ukaniruka. Niliona saizi, 205/55R16, nikaona 91H, yaani namba ya uzito na herufi ya mwendo, nikaona herufi M+S. Mlima, ile alama ya tairi la theluji, sikuuona. Nawe umenieleza kwamba aliyekuuzia kasema hayo ni matairi ya misimu yote, yatatosha. Mama, hayatoshi. Nimekaa kuandika barua badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu utaniitikia "ndiyo baba, ndiyo baba", kisha utawahi zamu. Barua utairudia.

Nikuanzie na jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Unajua kwamba magari mengi yanayoshushwa Kilindini hutoka Japani. Baadhi yake yalikuwa yakitumika Hokkaido, kisiwa cha kaskazini kinachoshika theluji miezi mingi, na huja na matairi ya huko huko. Kwa macho ni matairi ya kutamanisha: meno marefu, na kila jino limechanjwa mikato myembamba mingi, kama samaki anavyochanjwa kabla ya kutiwa chumvi na ndimu. Ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea. Ulipokuwa darasa la tano niliyanunua manne kwa mtu aliyenihakikishia kwamba ni mapya, nikayafunga kwenye Probox yetu. Ilikuwa Januari, kaskazi imeshika na lami ya Jomvu inanata mchana. Kwa miezi miwili meno yaliliwa kama sabuni. Siku ile tunatoka Voi, wewe na nduguyo mmelala kiti cha nyuma, tulipofika Taru tairi la nyuma upande wako likachanika vipande vipande. Nililishika gari mpaka likasimama ukingoni. Nyinyi mliamka mkaomba maji. Mimi nilikaa chini kando ya barabara, miguu haina nguvu, nikasingizia kwamba natafuta jeki.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma matairi kama watu wasomavyo gazeti. Nikaja kuelewa kwamba raba ile haikuwa na kasoro. Ilipikwa ili ibaki laini penye baridi, nami nikaileta kwenye jua la Mombasa ikayeyuka. Sasa wewe uko upande wa pili wa jambo lile lile. Raba ya kawaida, hata hiyo ya misimu yote, joto likishuka chini ya nyuzi 7 huanza kukauka. Likipita sifuri na kuendelea kushuka, inakuwa ngumu kama kwato, na kwato juu ya barafu unajua inavyokwenda. Raba ya baridi ndiyo ibakiayo laini. Ile mikato niliyokwambia ina kazi yake: hapo gurudumu linapokanyaga barafu pana utando mwembamba wa maji, na utando huo ndio unaoteleza. Mikato huufuta, kisha kingo zake zinauma. Na meno yale marefu hushika theluji yakabaki nayo, kwa kuwa theluji hung'ang'ania theluji mwenzake kuliko inavyoshika raba tupu. Kwa hiyo ukiona meno yamejaa weupe, usihangaike kuyachokoa.

Hizo herufi M+S maana yake ni matope na theluji, lakini mtengenezaji anaweza kuziandika kwa sababu ya umbo la meno tu, bila tairi kujaribiwa kwenye theluji. Unachokitafuta ni alama ndogo iliyochongwa ubavuni: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji kama nyota ya pembe sita. Tairi halipewi alama hiyo mpaka lipimwe kwenye theluji likashika. Wakumbuka nilipokuchukua kwenye lori, likizo ya Agosti, tukafika Emali alfajiri nikakuamsha uone Kilimanjaro? Ulikataa, ukasema ile nyeupe ya juu ni wingu. Nao ule una vilele vitatu, Kibo, Mawenzi na Shira. Mimi theluji nimeiona hapo tu, kwa mbali, na mpaka leo sijaigusa. Yote nitakayokwambia juu ya kuendesha nimeyapata kwa mjomba wako, aliyeendesha malori Ontario, huko huko Kanada, miaka ishirini. Nilimpigia mara tatu wiki hii. Ya matairi nimemuuliza kidogo, maana hayo nayajua.

Sheria ya Quebec inataka gari liwe na matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 mpaka Machi 15. Wewe usingoje Desemba. Mjomba wako asema siku ya theluji ya kwanza gereji zote hujaa foleni na saizi za kawaida huisha. Weka miadi wiki hii.

Nunua manne, mama. Atatokea mtu akwambie kwamba gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele, basi weka mawili mbele yatoshe. Usikubali. Mbele patashika, nyuma pataachia; kwenye kona mkia utakutangulia ujikute unatazama ulikotoka. Kuhusu upana, si lazima urudie saizi iliyopo. Corolla nyingi za namna yako hukubali 195/65R15. Ni jembamba zaidi na ringi ni ndogo, lakini kimo chake ni karibu sawa, hivyo saa ya mwendo haidanganyi. Tairi jembamba hukata theluji likafika chini. Pana hutaka kuelea. Na hilo jembamba lina ubavu mrefu, kwa hiyo likiangukia shimo ringi halipindi upesi. Mwulize fundi kwanza kama ringi ya 15 inapita breki za gari lako. Namba ya uzito isipungue hiyo 91, ambayo ni kilo 615 kwa kila tairi. Herufi ya mwendo ikiwa T inatosha. Hiyo ni kilomita 190 kwa saa, na wewe huna safari ya mwendo huo.

Yanunulie ringi zake za chuma, za bei ndogo. Hapo kila msimu utabadilisha gurudumu zima, hutamlipa fundi kuvua na kuvisha raba, na raba yenyewe haitachoka midomo, zile kingo zinazoshika ringi. Ukiuziwa yaliyotumika, tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Raba ya baridi ikizeeka hukauka hata kama meno yako mazima, na ulaini ndio uliokwenda kuununua. Meno yakiwa chini ya milimita 4, liache hata akikupa bure. Ya misumari nayo yanaruhusiwa huko kwa majira, lakini wewe hukai kijijini kwenye barafu tupu. Yana kelele, na lami ikiwa kavu misumari haikusaidii.

Jambo dogo linalosahauliwa ni upepo. Ukijaza paundi 33 ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20, asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri utakuta 26 hivi. Hakuna pancha, ni hewa imejikunja kwa baridi. Pima gari likiwa limelala nje usiku kucha, uongeze mpaka ifike namba iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Sasa uendeshaji. Juzi vuli imeanza huku, na siku ya kwanza tu malori mawili yamelala mtaroni Mazeras. Mvua ya kwanza huinua mafuta yaliyonywewa na lami miezi yote, ikawa kama umemwaga sabuni. Nilipokuwa nikipeleka mizigo Malaba, siku kama hiyo nilikanyaga kila kitu kama mtu apitaye chumba cha mtoto mchanga aliyelala. Mjomba wako asema theluji ni hivyo hivyo, ila ni kwa miezi minne. Usukani pole, mafuta pole, breki pole, na usiyafanye mawili kwa pamoja: piga breki ungali umenyooka, achia, ndipo uingie kona. Gari la mbele liache mbali. Likipita mlingoti, hesabu mpaka nane au kumi kabla hujaufikia wewe. Kile kifaa cha kushika mwendo chenyewe kizime kabisa majira yote.

Breki zako ni ABS, zile zisizoacha magurudumu yajifunge. Ukikanyaga kwa nguvu kwenye utelezi, kanyagio litatetemeka na kugonga chini ya mguu. Wengi hushtuka wakauondoa mguu. Usiuondoe, kandamiza na uelekeze gari. Mkia ukiteleza, ondoa mafuta, tazama unakotaka kwenda, si ule mti unaouogopa, na mikono ifuate macho. Pua ikikataa kukata kona, usizidi kuzungusha usukani; urudishe kidogo, ungoje matairi yashike. Nenda siku moja kwenye uwanja mtupu wa maegesho, theluji ikiwa mbichi na hapana mtu, ulisikie gari likikuteleza kwa mwendo wa miguu. Hili nakuomba zaidi ya yote. Mwili ujue kabla ya siku ya shida.

Barafu iliyo karibu na sifuri ndiyo inayoteleza zaidi, kuliko ile ya baridi kali. Kwa hiyo siku watu wanaposema "leo kuna afueni", wewe ongeza tahadhari. Madaraja hutangulia kuganda, maana baridi huyapiga juu na chini. Umesimama Daraja la Nyali wakati wa kusi, unajua upepo ulivyo pale. Ikiwa barabara inaonekana imelowa tu, na magari ya mbele hayarushi maji, hiyo ni barafu. Na ile mitambo ya kusukuma theluji usiipite. Nyuma yake ndiko njia ilikosafishwa.

Sasa nisikilize kwa makini. Ukikwama na theluji inaendelea kuanguka, kabla ya kuwasha injini upate joto, shuka uzibue bomba la ekzosi, ufukue na pembeni mwake. Bomba likizibwa, moshi unarudi chini ya gari na kuingia ndani, na sumu yake haina harufu wala rangi. Mtu husinzia tu, asiamke. Fungua kioo kidogo upande usio na upepo, washa dakika kumi, zima, kisha kabla ya kuwasha tena ukalitazame bomba tena. Baki garini, usitembee kutafuta msaada usiku. Weka kwenye buti koleo, mfuko wa mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu, blanketi, tochi, na biskuti. Tangi lisishuke nusu.

Tumbo la saluni liko sentimita 15 hivi juu ya lami. Theluji ikifika hapo gari hulala juu yake, magurudumu yakazunguka bure, kama mtumbwi uliopanda fungu la mchanga maji yakatoka. Hata matairi mapya hayatakunasua. Ukiamka ukaikuta imefika kwenye bampa, piga simu kazini mapema useme huji. Wale wazee unaowahudumia watapata wa kukushikia zamu. Najua utaona aibu, maana umelelewa kutokosa kazi, na aliyekulea hivyo ni mimi. Siku hiyo nakuruhusu ukose.

Chumvi wanayomwaga barabarani itakula bodi. Hiyo huhitaji kufundishwa, umeona milango ya magari ya Likoni. Osha chini ya gari kila baridi inapolegea.

Fedha ya matairi nimempa mjomba wako, atakutumia. Nimeuza ile kompresa ndogo, ilikuwa imekaa tu. Usibishane nami juu ya hilo, na usiigeuze kuwa kodi ya nyumba.

Ukishafungiwa, kabla hujaondoka gereji, zunguka gari upige picha ubavu wa kila tairi, yote manne, kwa karibu, nione vile vilele vitatu. Mamako naye anataka kuiona. Hata ikiwa saa tisa usiku huku, itume.

Mimi babako