Mhariri, watuachie paka wetu wa kwenye kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Huku Mtwara msimu wa korosho ukianza sisi makarani hatuna raha, kutwa unaingiza jina la mkulima, kilo, gredi, namba ya akaunti, tena ukikosea tarakimu moja tu hela ya mtu inaenda kusikojulikana na asubuhi unamkuta kakaa mlangoni anakusubiri. Ndo maana baadhi yetu tumeweka vile vikatuni vya wanyama kwenye skrini, vinatembea juu ya Excel, vinalala kona, basi roho inapoa kidogo.

Sasa ofisini kwetu tumeambiwa tuvifute, eti utoto, eti vinakula muda wa kazi. Jamani! Kompyuta hizo hizo WhatsApp iko wazi kutwa na watu wanachambua mikeka ya kubeti ya Jumamosi, hakuna anayesema, aonekane paka ndo kelele.

Na wala si mambo ya jana haya. Paka Neko alishakuwepo kwenye Macintosh tangu 1989, kazi yake kukimbiza mausi tu, ukiiacha imetulia anajikuna, anapiga miayo, analala. Mimi ninaye wa aina hiyo, nikiwa bize hana neno na mimi, nikiona kalala ndo nashtuka kumbe nimeikodolea safu moja muda wote huo wala sijaandika kitu. Si kama yule klipu wa Office 97, msaidizi mwenye umbo la klipu ya karatasi, aliyekuwa anajileta mwenyewe, hujamaliza hata salamu ya barua kashakuuliza akusaidie, mpaka Microsoft wenyewe wakamzima kwenye Office XP mwaka 2001. Wasumbufu wapo, sikatai, kuna bata bukini wa 2020, Desktop Goose, anakunyang'anya mausi na kuacha nyayo za tope skrini nzima, huyo akitokea wakati wa malipo namfuta mwenyewe kabla bosi hajaamka kitini.

Bosi angesema usalama ningemwelewa. BonziBuddy, yule sokwe wa zambarau, alikuwa anaimba na kutania watu huku analeta matangazo, na 2004 kampuni yake ilikubali kulipa dola 75,000 huko Marekani kwa ishu ya kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kompyuta yenye akaunti za wakulima huwezi kuchomeka flashi ya kila mtu humo. Halafu wale Shimeji, vikatuni vya Kijapani, wanajizidisha wenyewe, na programu yao inatumia Java, mashine zetu hizi za ram kidogo zinaanza kuhema.

Basi mtu wa IT akague, atuwekee mmoja mpole anayeeleweka, yaishe. Wakikataa kabisa nitafuta wangu, ila siku hiyo hiyo na mikeka ifutwe.

Karani wa korosho,
Chikongola, Mtwara