Harambee ya malisho yetu ya Kinangop: tusaidieni kurudisha potasiamu juu kwenye padoki

Wazee wetu, kina mama, ndugu na dada zetu mlioko Nairobi, Naivasha, Gulf na kule majuu, hamjambo. Naandika kwa niaba ya familia 23 tunaochunga pamoja ule upande wa juu karibu na msitu wa Nyandarua, na naomba msome mpaka mwisho hata kama ni ndefu, kwa sababu hii kitu tunaombea pesa, potasiamu, ni chakula cha mimea kisichoonekana kwa macho, iko ndani ya udongo, na sisi wenyewe imetuchukua miaka kuielewa.

Mnakumbuka vile tulianza. Miaka 7 iliyopita kila mtu alikuwa anafunga ng'ombe wake kwa kamba ama anawaachilia barabarani, nyasi inaliwa mpaka mizizi, ikinyesha maji yanashuka yamebeba ule udongo mweusi hadi mtoni. Tukakaa chini, tukaunganisha mashamba, tukagawa padoki 12, yaani vipande vya malisho, ng'ombe wote wanakaa siku 3 kwa moja halafu wanasonga ingine, kwa hivyo kila padoki inapumzika zaidi ya mwezi kabla iguswe tena. Na imefaa, jamani. Nyasi za mashada zimerudi, na yule ndege wa kifua cha njano, Macronyx sharpei, ambaye dunia nzima anapatikana Kenya peke yake na hata Kenya ni kwa nyasi za juu milimani kama hizi zetu, watoto wanamwona tena asubuhi wakienda shule. Majirani wengi walishalima nyasi yao yote wakaweka viazi na kabichi, siwalaumu, watoto lazima wasome, lakini pahali nyasi imelimwa huyo ndege hakai.

Sasa shida ikaja mahali hatukutarajia. Mwaka juzi klova, ile ya majani matatu matatu inayoota katikati ya nyasi, ikaanza kupotea kwenye zile padoki za juu kabisa. Majani ya chini yanatoka vidoadoa vyeupe ukingoni, halafu ukingo wote unakauka kama umechomwa na moto, na baada ya miezi kadhaa hakuna klova, imebaki nyasi peke yake tena nyembamba. Wengine wakasema ni baridi ya usiku, wengine ugonjwa. Tukanunua mbolea ya CAN tukarusha, nyasi ikawa kijani wiki mbili tatu ikarudi palepale na klova ndio ikazidi kwisha. Tulikuwa tunachunga vizuri, hatujazidisha ng'ombe, padoki zinapumzika, na bado udongo unachoka. Hiyo ilituuma sana.

Aliyetufungua macho ni cucu (nyanya) mmoja wa kikundi, yuko miaka themanini na kitu. Alitutembeza mpaka mahali pale chini karibu na mto, pamejaa thabai, yale majani yanayowasha, imefika kifuani, na pembeni nyasi ni nzito mpaka inakaa nyeusi, akatuuliza mnajua hapa palikuwa nini? Hakuna aliyejua. Akasema hapa ndipo lilikuwa boma la guka (babu) wenu, lilibomolewa wengi wenu hamjazaliwa. Yaani tangu wazee wapewe mashamba haya miaka ya 60 wakati wa zile skimu za makazi, ng'ombe walikuwa wanakula juu mchana na kulala chini usiku, na mpaka leo ardhi bado inakumbuka walilala wapi.

Tukachimba udongo wa pale na wa padoki ya juu, tukapeleka sampuli hizo mbili tu maabara ya KALRO, lile shirika la utafiti wa kilimo, kule Kabete maana ndizo pesa yetu iliweza. Majibu yakarudi: padoki ya juu potasiamu iko chini, na klova ikiikosa ndio inakauka ukingo vile, pale boma la zamani iko juu sana. Shamba moja, mlima mmoja, umbali wa kutembea dakika kumi na tano.

Ndio tukaanza kusoma na kuuliza. Ng'ombe akila nyasi, potasiamu haikai mwilini mwake, karibu yote inatoka, na sehemu kubwa inatoka kwa mkojo. Sio mavi, ni mkojo. Sisi tulikuwa tunasomba samadi kavu tunajiona tunarudisha rutuba kumbe ile ya maana ilishaingia ardhini pale bomani ama ikaoshwa na mvua. Wetu wanalala boma la pamoja pale chini karibu na barabara ndio gari la maziwa liwafikie, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kwa hivyo karibu nusu ya mkojo wa kila siku unaachwa pale. Kila siku ya Mungu ng'ombe 60 na kitu wanabeba potasiamu kutoka juu wanaileta chini na hakuna anayeirudisha. Na potasiamu haipai hewani kama naitrojeni. Ikikosekana mahali ni kwa sababu kuna mtu au mnyama ameibeba, au maji yameipeleka.

Hii haiko Kinangop peke yake. Kule milima ya Alps, Uswisi na Austria, ng'ombe wanapandishwa malisho ya juu wakati wa kiangazi na kushushwa kabla baridi ishike, na pale walipolala karibu na vibanda vya wachungaji panaota gugu moja la majani mapana linaitwa Rumex alpinus, linabaki pale miaka na miaka hata kama boma lilihamishwa, na ile miteremko ya juu walikokuwa wanakula ndio inakonda. Ni mmea tofauti na thabai yetu, lakini hadithi ni ileile.

Halafu kuna hii ya kuuza nyasi, na hapa naomba wanakikundi wenzangu wasikasirike kwa sababu mimi pia nimeuza. Pigeni hesabu na mimi. Lita moja ya maziwa ina kama gramu 1.5 za potasiamu. Tani moja ya nyasi kavu ina kama kilo 20. Ukiuza marobota 67 ya kilo 15 umeuza tani moja, na umetoa shambani potasiamu sawa na ile ungetoa kwa kuuza lita zaidi ya 13,000 za maziwa. Mkutano wa mwezi uliopita nilipoandika hii hesabu kwa ubao watu walinyamaza kabisa. Tumekubaliana nyasi ya padoki za juu haiuzwi tena nje, italiwa hapahapa.

Mtu ataniuliza si mnunue tu mbolea? Angalieni gunia. DAP ni 18-46-0, yaani naitrojeni, fosfeti na potasiamu, ile sifuri ya mwisho ndio potasiamu. CAN ni naitrojeni na chokaa. Ndizo mbolea tumerusha huku tangu utoto wangu na zote mbili hazina hata punje ya potasiamu. Ile yenye potasiamu ipo, lakini kununua ya ekari zote kila mwaka hatuwezi, na tena ni uchungu kununua kwa duka kitu ambacho kiko kimelala pale bomani. Jivu la jikoni linasaidia, lina potasiamu na linapunguza ile asidi ya udongo wetu, kina mama wameanza kulikusanya badala ya kumwaga, lakini jivu la jiko haliwezi kutosha padoki 12. Na tafadhali msichanganye na magadi, hiyo ni sodiamu, kuna kijana alimwaga magadi kwa kona moja akifikiria anasaidia.

Pia hatutaki kurusha bila kupima. Potasiamu ikizidi kwa nyasi changa, ng'ombe anashindwa kupata magnesiamu ya kutosha, anaanza kutetemeka, anaanguka na anaweza kufa haraka hivyo. Huenda kuna padoki za chini hazihitaji kitu na tukiziongezea tunaweza kuua ng'ombe wetu wenyewe kwa mikono yetu. Na mvua kubwa ikija, kile kinachofurika bomani kinaenda mtoni. Nyinyi wa Nairobi mnajua maji ya bwawa la Sasumua yanatoka huku kwetu, mkifungua mfereji kuna siku mnakunywa mvua iliyonyesha Kinangop. Kuuacha mkojo wa ng'ombe uingie mtoni ni hasara yetu na ni kero yenu.

Kwa hivyo kazi ni hii. Tunataka kupima udongo wa kila padoki na mahali pa boma, na tupime vizuri, kila padoki tunachukua udongo mahali 20 tukitembea zigzag, tunaruka pale kuna mavi, getini na chini ya miti, tunachanganya kwa ndoo safi, tunatoa nusu kilo ya kupeleka. Hiyo na usafiri ni shilingi 35,000. Halafu sakafu ya simiti kwa boma yenye mteremko na paa juu ndio mvua isichanganyike, 160,000. Tangi ya kushika mkojo, 92,000. Na mkokoteni wa punda wenye pipa kubwa la kupandisha huo mkojo mpaka juu ukiwa umechanganywa na maji, 68,000. Jumla ni 355,000. Sisi wenyewe tumechanga 118,000, kuna mama ameuza mtamba wake ili atoe fungu lake, na kijana mmoja fundi amesema kazi ya sakafu atafanya bila malipo. Imebaki 237,000.

Mwenye mia mbili atume mia mbili, hiyo ni simiti. Mwenye elfu mbili na mia tano atakuwa amelipia padoki moja ipimwe, na tutamtumia picha ya majibu yake yakitoka ajue amepima gani. Kama una mchanga, kokoto ama mabati yaliyotumika ambayo bado yako sawa, tunachukua. Wale mlio mbali, kama pesa hakuna sai, mpigieni tu mzee wako hapa nyumbani umwambie asilime padoki yake mwaka huu, asubiri tupime kwanza. Kuna watatu walishasema wakikosa klova msimu ujao wanaleta trekta, na nyasi ya miaka yote hiyo ikishapinduliwa haturudishi tena katika maisha yetu.

Namba ya kutuma iko kwa mweka hazina, na kila shilingi inaandikwa kwa kile kitabu cheusi mnachokijua, kinasomwa mbele ya watu. Harambee yenyewe ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu saa nne asubuhi pale boma la pamoja. Kutakuwa na chai ya maziwa yetu na mukimo. Tukimaliza kuhesabu tutapanda wote padoki ya juu na ndoo kuchukua udongo wa kwanza, kwa hivyo mje na gambuti, huko juu kumenyesha.