Jiwe la mdogo wake

Kharkhorin, Mongolia
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na mama msalimie kabla hujaendelea kusoma.

Mdogo wako kazikwa mimi niko Ankara, na siku ile ulichopata kwangu ni sauti ya simu inayokatikakatika. Tangu hapo kila nikishika kalamu nikuandikie, maneno yananikimbia. Leo nimeyakuta yamechongwa kwenye jiwe, ndiyo maana nakuandikia usiku huu huu kabla sijalala.

Darasa letu la lugha limeletwa huku. Asubuhi tumetoka hapa Kharkhorin tukaelekea kaskazini, kilomita 45 hivi, mpaka mahali panapoitwa Khöshöö Tsaidam, kwenye bonde la mto Orkhon. Usitafute mti. Ni nyika tupu, majani mafupi, farasi wanajilia bila mchungaji, na upepo unakupiga mashavu kutwa. Ukiyakanyaga yale majani yanatoa harufu kali kama dawa ya kienyeji.

Hapo ndipo Bilge Kagan, mfalme wa Waturuki wa kale, alipomwekea ukumbusho mdogo wake Kül Tigin, aliyefariki mwaka 731. Jiwe lilikamilika mwaka uliofuata. Sasa limehifadhiwa ndani ya makumbusho na nje imesimama nakala. Linazidi meta tatu. Upande mmoja ni Kichina, salamu za mfalme wa China kwa wafiwa; kwingine kote ni Kituruki, kwa herufi za Waturuki wenyewe. Nilisogea mpaka pumzi yangu ikawa inagusa jiwe. Herufi ni nyembamba, za kona kona, kama zimekatwa kwa ncha ya kisu, na kati ya neno na neno kuna nukta mbili. Lilikaa karne na karne hakuna wa kulisoma, mpaka 1893 msomi wa Denmark, Vilhelm Thomsen, alipozifumbua zile herufi. Tengri, yaani Mungu wa mbinguni, ni miongoni mwa maneno ya kwanza aliyoyatambua.

Mwalimu akatusomea kwa sauti. Mengi ni vita, nani kapigwa wapi, na hayo yalinipita. Kisha akafika pahali nikasikia "inim Kül Tigin". Shoga, kwa Kituruki cha kale mdogo wako wa kiume ni ini. Inim, mdogo wangu. Mimi nikasikia ini letu hili hili. Nikamkumbuka mama yako kwenye simu: "Nimekatwa maini, mwanangu." Nilishika ukuta.

Mfalme anasema macho yake yaonayo yakawa kama hayaoni, na akili yake ijuayo ikawa kama haijui. Anasema siku anazipanga Mungu, na wanadamu wote wamezaliwa wafe. Hilo wewe uliambiwa na kila aliyeingia matangani, kazi ya Mungu haina makosa, ukaniambia unaliamini lakini usiku halikupi usingizi. Naye aliliamini, na bado akaagiza huzuni yake ichongwe kwenye jiwe watu waione.

Halafu kuna hili, ndilo lililonitoa machozi mbele za watu. Anasema machozi yalipomjia machoni aliyazuia, na kilio kilipopanda moyoni alikirudisha, kwa kuwa aliwaza macho na nyusi za wadogo zake, wanawe na watu wake zisije zikaharibika kwa kulia. Ni wewe huyo. Wewe ndiye mkubwa, ulisimama mlangoni kupokea wageni, macho makavu, ili mama asikuone ukianguka. Niliambiwa watu wanashangaa mbona hulii. Mimi sikushangaa.

Baba yao alifariki Bilge ana miaka minane na mdogo wake saba. Nikakuona na yule mtoto mgongoni, unachota naye maji, mwenyewe hujafika hata darasa la tatu. Siku moja maadui walivamia kambi yao, akina mama na dada na mawifi wamo ndani, na Kül Tigin akapanda farasi mweupe akaikinga isitekwe. Kaka yake anawaambia wale wanawake wazi: asingekuwepo Kül Tigin, nyote mngekufa. Alifariki na miaka 47. Mazishini walifika wajumbe kutoka China, Tibet, hadi Bukhara ya Asia ya Kati, na yule wa China alileta dhahabu na fedha. Rambirambi ni rambirambi, hata kwa wafalme.

Aliyeandika maneno yote ya Kituruki ni jamaa yao, Yollug Tigin, na jina lake kaliacha hapo hapo. Anasema alikaa siku ishirini akiyaandika. Siku ishirini, shoga, mbele ya jiwe la maiti wake.

Nimekunakilia mstari ule wa machozi kwa mkono kwenye karatasi niliyoikunja humu ndani, na zile nukta mbili mbili zake. Mkono wangu si mzuri, lakini sikuruka hata moja. Iweke kwenye ile picha ya mdogo wako aliyovaa shati la bluu.

Mwezi wa kumi na mbili nafika, tiketi ninayo. Mama akienda kuzuru kaburi, mwende. Ila wewe na mimi twende siku nyingine, wawili tu, asubuhi, na siku hiyo usiyazuie.

Shoga yako